Nani Alikuambia Kwanza?

Kila siku yenye kipindi navuka kwa kivuko kutoka Kigamboni. Nikishuka Magogoni napishana na akina mama wenye ndoo za samaki wa Feri, kisha natembea huku nikikariri nitakachosema darasani. Nikifika, huanza hivi: "Samahani, huenda nimekosea, lakini..." Mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili sikuwahi kutoa hoja bila utangulizi huo. Siku niliyotakiwa kuwasilisha pendekezo langu la utafiti, sikwenda. Nilituma ujumbe kwamba naumwa, nikakaa Feri nikiangalia vivuko mpaka saa tisa alasiri.

Pendekezo lenyewe lilihusu jiji hili na jinsi lilivyogawanywa. Kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891 ilipanga Dar es Salaam kwa aina ya nyumba: huku majengo ya mtindo wa Ulaya, kule nyumba za udongo na makuti. Haikuhitaji kutaja rangi ya mtu, nyumba ilishasema. Hospitali ya Ocean Road, umbali mfupi kutoka Magogoni, ilifunguliwa 1897 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwingine, katika hospitali iliyotokana na fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Waingereza nao wakaendeleza mgawanyo huo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaitenga Kariakoo na mjini. Hata jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Mpaka leo tunasema uzunguni, uhindini, uswahilini, na ukimwambia mtu ana "mambo ya uswahilini" hujamsifu.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa jamhuri, Nyerere alilihutubia Bunge akalisema jambo hili waziwazi. Aliwauliza ni wangapi wanajua kucheza gombe sugu au lele mama, ilhali wengi wanajua rumba na chachacha. Kwake, kumfanya mtu auonee haya utamaduni wake kulikuwa miongoni mwa maovu makubwa ya ukoloni, na alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Miaka kumi kabla yake, Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique, alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya mtu mweusi anayejitazama kwa macho ya anayemdharau.

Yote haya niliyajua. Niliweza kueleza kwa nini watu hujiona si kitu, na bado nilikuwa nimekaa Feri.

Rafiki yangu ndiye aliyenishauri nimwone mwanasaikolojia. Nilichukia. Sisi tumekua tukitishiana "utapelekwa Mirembe", kana kwamba hospitali ile ya Dodoma ni adhabu. Ilinichukua wiki tatu kupiga simu.

"Shikamoo," nilisema nilipoingia.

"Marahaba. Karibu ukae."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilipomweleza kwamba najiona sistahili kuwa darasani, aliuliza, "Nani alikuambia kwanza?" Nikaanza na 1891. Nikaenda hadi Mnazi Mmoja, nikamgusa na Fanon. Mama yule alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nimekuelewa," akasema. "Sasa wewe. Nani alikuambia wewe?"

Nilinyamaza kwa muda mrefu. Kisha nikakumbuka jikoni kwa watu, huko Oysterbay, ambako mama yangu alifanya kazi za ndani. Nilikuwa na miaka saba. Mwenye nyumba alikosea jina la mtaa wetu, nikamsahihisha. Mama alinivuta nyuma ya mlango akaninong'oneza: "Ukiwa kwenye nyumba za watu, usisikike. Sisi watu wa ng'ambo."

Nililia. Sikuwa nimewahi kulihesabu tukio hilo kuwa historia.

Tulikutana mara tisa. Kazi aliyonipa kwanza ilikuwa ndogo: niandike kwenye daftari kila "samahani" ninayoisema bila kosa. Siku ya kwanza zilifika 23, mojawapo kwa kondakta aliyenikanyaga. Baadaye tuliichunguza ile sauti ya jikoni, tukaona kwamba mama alikuwa akiilinda ajira iliyolipa ada yangu, kwa njia aliyoijua. Alikuwa amejifunza kwa waliomtangulia, katika jiji lililowapangia pa kukaa. Hapo ndipo mwaka 1891 ulipopata nafasi yake katika mazungumzo yetu, baada yangu mimi na mama.

Muhula uliofuata niliwasilisha pendekezo. Nilianza, "Samahani," nikasimama, nikanywa maji. Kisha nikaanza upya kwa jina langu na mtaa wangu wa Kigamboni.

Jioni nilimsimulia mama. Aliuliza kama walinisikia vizuri hadi nyuma. Nikamwambia walinisikia.