Kalamu za Makerere: Historia Fupi ya Idara ya Kiingereza

Mwaka 1922, juu ya kilima cha Makerere mjini Kampala, vijana 14 walianza kujifunza useremala, ujenzi na umakanika. Chuo hicho cha ufundi kilikua upesi. Mwaka 1949 kikawa chuo kikuu chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London, na shahada zake zikawa za London. Kijana aliyetoka Kenya, Tanganyika au kaskazini ya Uganda kuja kusoma Kiingereza alisomeshwa yale yale waliyosoma wenzake wa Uingereza, tangu Chaucer na Shakespeare mpaka T. S. Eliot. Mwandishi wa Kiafrika hakuwamo.

Kwa kuutazama mtaala huo, wapo wanaoiona idara hii kuwa kiwanda cha kutengeneza Waingereza weusi, basi. Mimi nadhani hukumu hiyo inawapunja waliosoma pale, kwa sababu mengi yaliyotukuza jina la idara yalifanyika nje ya mtihani.

Mwaka 1958 lilianzishwa Penpoint, jarida la idara lililochapisha hadithi na mashairi ya wanafunzi. Mwaka uliofuata alifika Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akiitwa James Ngugi. Siku moja alimsimamisha Jonathan Kariara, mwanafunzi aliyemtangulia na mmoja wa walioshughulikia jarida hilo, akamwambia kwamba ameandika hadithi na angependa aisome. Hakuwa ameandika chochote. Kariara alipoonyesha hamu, ikambidi Ngũgĩ akaketi na kuiandika kweli. Hadithi hiyo, "The Fig Tree", ikatoka katika Penpoint, naye hakuiweka kalamu chini tena. Aliandika tamthilia fupi kwa ajili ya mashindano ya mabweni. Na Novemba 1962, Uganda ikiwa katika shamrashamra za uhuru, tamthilia yake The Black Hermit ikachezwa katika jumba la maonyesho la taifa, Kampala. Alikuwa bado mwanafunzi.

Juni mwaka huohuo ndipo Makerere ilipopokea mkutano wa waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza. Walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele na wengine, na kutoka Marekani akaja Langston Hughes. Ngũgĩ alimkabidhi Achebe mswada wa riwaya yake, ambayo mwaka 1964 ilitoka London kwa jina la Weep Not, Child. Kwa kijana wa idara ile, kuketi chumba kimoja na watu ambao vitabu vyao vilikuwa vinasomwa duniani ilikuwa shule kubwa kuliko mihadhara ya muhula mzima.

Lakini kigezo cha mwaliko kilikuwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika Kusadikika na Adili na Nduguze, hakualikwa, na mwezi huohuo wa Juni akafariki. Ngũgĩ mwenyewe aliliandika jambo hili miaka mingi baadaye, na kila msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuumia nalo. Mwanafunzi mchanga mwenye hadithi chache za Kiingereza alipata kiti. Gwiji wa lugha inayozungumzwa pwani na bara hakupata. Mwaka 1963 Obi Wali wa Nigeria aliandika katika jarida la Transition, lililotolewa papo hapo Kampala, kwamba fasihi ya Afrika iliyoandikwa kwa lugha za Ulaya haina mbele. Na mwaka huohuo Julius Nyerere, aliyesomea ualimu Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar kwa Kiswahili.

Ndani ya idara yenyewe mlango ulianza kufunguka. Mwaka 1965 David Cook, mhadhiri, alihariri Origin East Africa, mkusanyiko wa maandishi ya wanafunzi. Mwaka huohuo yeye na Betty Baker wakaanzisha kundi la maigizo la kusafiri lililozunguka Uganda na Kenya, likicheza bila kiingilio, kwa Kiingereza na pia kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo. Watu ambao wasingekanyaga ukumbi wa chuo waliiona idara ikiwajia uwanjani.

Mwaka 1968 Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, Afrika iwe kitovu cha masomo. Makerere nayo ilikuwa na Pio Zirimu, ambaye pamoja na Austin Bukenya alitetea utanzu wa masimulizi ya mdomo kuwa sanaa yenye kanuni zake, isiyohitaji kupimwa kwa vigezo vya kitabu. Baadaye idara ikaitwa ya Fasihi.

Miaka ya Idi Amin iliumiza kila kitu. Makamu mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa mwaka 1972 na hakuonekana tena; walimu wengi wakaikimbia nchi.

Waliobaki walifundisha. Katikati ya miaka ya 1990, Mary Karooro Okurut, mhadhiri wa fasihi, aliongoza wenzake kuunda FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda. Miongoni mwa waliopitia chama hicho na Makerere ni Monica Arac de Nyeko, aliyeshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007 kwa hadithi yake "Jambula Tree", Mganda wa kwanza kuipata.