Chekeche la Viza: Uchaguzi wa Masomo kwa Wanafunzi wa Marekani wenye Asili ya Asia

Mwaka 2014, Amy Chua na Jed Rubenfeld, maprofesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Yale, walidai katika kitabu chao The Triple Package kwamba baadhi ya jamii za Marekani hufanikiwa kwa sababu ya sifa tatu: kujiona bora, kuishi na wasiwasi, na kujua kujizuia. Dai hilo limevutia wengi, kwani linaelekea kueleza kwa nini wanafunzi wenye asili ya Asia ni wengi katika uhandisi, kompyuta na tiba. Makala haya yanalipinga. Jambo linalohesabiwa kuwa utamaduni ni, kwa sehemu kubwa, matokeo ya sheria ya uhamiaji na hofu ya kubaguliwa kazini.

Kuhusu chimbuko la dhana ya "jamii ndogo ya mfano", yaani kundi dogo linalosifiwa kuwa kielelezo kwa mengine, hakuna ubishi mkubwa. William Petersen aliwasifu Wamarekani wenye asili ya Japani katika New York Times Magazine mwaka 1966, zaidi kidogo ya miaka 20 tangu serikali iwafungie kambini watu wapatao 120,000 wa asili hiyo hiyo.

Ubishi ni juu ya sababu za mafanikio hayo. Jennifer Lee na Min Zhou, katika The Asian American Achievement Paradox (2015), wanatoa takwimu ambayo wanaoshikilia hoja ya utamaduni hawajaijibu: miongoni mwa wahamiaji wa Kichina walioko Marekani, asilimia 51 wana shahada, ilhali nchini China kwenyewe ni asilimia 4. Mhamiaji huyo ana uwezekano wa kuwa na shahada zaidi ya mara 12 kuliko Mchina aliyebaki kwao, na anawapita hata Wamarekani kwa jumla. Mafundisho ya Confucius yako pande zote mbili za bahari. Tofauti ni nani aliyepewa viza. Sheria ya uhamiaji ya 1965 iliwapa upendeleo wenye taaluma na wenye jamaa, na watoto wao ndio tunaowaona leo wakijaza maabara za vyuo. Wahmong, Wakambodia na Walao hawakupita katika chekeche hilo la viza. Walikuja wakiwa wakimbizi wa vita baada ya 1975, na idadi ya wahitimu wao imekuwa chini ya wastani wa taifa. Nao pia ni Waasia.

Itasemwa kwamba watoto wa wakimbizi wa Vietnam, wengi wao maskini, wamefaulu pia. Ni kweli. Lakini Lee na Zhou wanaonyesha kwamba masomo ya ziada na taarifa kuhusu shule bora, vilivyoanzishwa na wenye elimu, huwafikia hata majirani wasio nayo. Hiyo ni rasilimali ya jamii. Tabia ya kurithi ni jambo jingine.

Uchaguzi wa fani unaithibitisha hoja hii zaidi. Stanley Sue na Sumie Okazaki walieleza mwaka 1990 kwamba elimu hupata uzito pale njia nyingine za kupanda zinapozibwa. Yu Xie na Kimberly Goyette (2003) wakaona vijana wenye asili ya Asia wakielekea fani zenye kipato kikubwa. Mzazi anayemsukuma bintiye kwenye tiba anapiga hesabu: mtihani wa leseni hauangalii sura wala lafudhi, ilhali jukwaa la maigizo na ukumbi wa siasa huviangalia sana. Kuiita hesabu hiyo utamaduni ni kuuficha ubaguzi ulioizaa.

Madhara ya maelezo hayo ya utamaduni ni makubwa. Mwanafunzi wa Kihmong anayehitaji msaada huhesabiwa pamoja na watoto wa wahandisi, akaonekana hana shida. Anayependa fasihi huonekana ameasi asili yake.

Hoja hii inaweza kupimwa. Iwapo ni sahihi, wajukuu wa wahamiaji, ambao wazazi wao wamezaliwa Marekani na tayari wana nafasi zao katika taaluma, watazidi kuchagua historia, muziki na ualimu kama Wamarekani wengine wa tabaka lao. Wasipofanya hivyo, na ubaguzi wa ajira ukawa umepungua kweli, Chua na Rubenfeld watakuwa na haki ya kusikilizwa upya.