Mtangazaji Ni wa Wenzetu Kila Siku!

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp kulichafuka. Mtu katupia klipu ya mtangazaji akisimulia mechi ya Simba na Yanga. Watu wa Simba wakasema jamaa ni Yanga damu. Watu wa Yanga wakasema huyo kalipwa na Simba. Klipu moja, dakika mbili tu! Nikabaki najiuliza: mwenye upande ni mtangazaji, au ni sisi? Nikaanza kuchimba, kumbe ugomvi huu ni wa zamani.

Novemba 1951 kule Marekani, vyuo vya Princeton na Dartmouth vilikutana kwenye mpira wao ule wa kubeba mkononi na kugongana. Siku hiyo ilikuwa vita. Staa wa Princeton alitoka kavunjika pua, mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Baada ya hapo magazeti ya vyuo yakaanza kurushiana lawama. Wataalamu wawili wakachukua filamu ya mechi, wakawaonyesha wanafunzi wa pande zote, wakawaambia wahesabu rafu. Wa Princeton wakaona Dartmouth wamecheza rafu zaidi ya mara mbili ya zile walizoziona wa Dartmouth wenyewe. Na filamu ni ile ile!

Utasema huo ni mpira tu. Haya, twende kwenye habari. Septemba 1982 raia wengi waliuawa kwenye kambi za Wapalestina za Sabra na Shatila, Beirut. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakawaonyesha wanafunzi 144 vipande 6 vya taarifa za televisheni za Marekani kuhusu mauaji hayo. Matokeo yalitoka 1985. Waliounga mkono Israeli walisema taarifa zinaiponda Israeli. Waliounga mkono Waarabu walisema zinaibeba Israeli. Na kila upande uliamini kwamba mtu asiye na upande akitazama zile taarifa atawageuka wao. Kilichonishtua zaidi, waliojua mambo mengi ndio waliolalamika zaidi. Kwa hiyo kusoma sana peke yake hakutuokoi.

Ila usikimbilie kusema basi vyombo vya habari ni safi na tatizo ni macho yetu. Hapana. Vuka mpaka hapo Rwanda. Julai 1993 ilianza redio ya RTLM. Muziki mtamu, utani, wasikilizaji kupiga simu, vijana wakaipenda. Mwaka uliofuata redio hiyo hiyo ikawa inawaita Watutsi mende, inataja majina ya watu na mahali walipo ili wasakwe. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa hapa kwetu Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili, pamoja na mwenye gazeti mmoja.

Sasa jiulize: yule aliyekuwa anacheka na utani wa redio ile, unadhani aliona kuna upendeleo? Aliyetajwa ndiye aliyeuona, tena mapema sana. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Ndiyo maana mimi siku hizi siamini sana hasira zangu. Upendeleo upo kweli, na umewahi kuua watu. Tatizo ni kwamba masikio yetu yanausikia ukituumiza tu, ukitubembeleza tunauita ukweli. Habari ikinikera, najiuliza wamekosea nini hasa, maana kukerwa peke yake siyo ushahidi. Habari ikinifurahisha mno, nabadilisha majina kichwani: ingekuwa wametuandika sisi hivi, ningekaa kimya?

Haya mdau, usinidanganye: lini mara ya mwisho ulilalamika kwamba mtangazaji kaibeba timu YAKO? Dondosha komenti hapo chini, ila matusi sitayapitisha.