Kivumishi na Mwenzake: Uandamani wa Maneno na Ufundishaji wa Kiingereza katika Pwani ya Kilifi

Malindi, nguru aliyeshushwa pwani alfajiri huitwa samaki mbichi, kinyume cha mkavu au ng'onda. Mwanafunzi akilitafsiri neno "mbichi" peke yake, la kwanza kumjia ni "raw", na insha yake itasema kwamba mama alinunua "raw fish" sokoni. Sarufi haina dosari, wala tahajia, ila Mwingereza angesema "fresh fish". Makala haya yanadai kwamba chanzo cha makosa ya aina hii ni mazoea ya kufundisha kivumishi kikiwa pweke, na kwamba orodha ndefu zaidi ya msamiati haitayaponya.

Kinadharia, hoja hii si ngeni. Mwanaisimu J. R. Firth, katika maandishi yake ya 1957, alishikilia kwamba sehemu ya maana ya neno hutokana na maneno linaloandamana nayo. Miaka 30 baadaye, kamusi ya Cobuild, iliyoandaliwa Birmingham chini ya John Sinclair, iliutumia mkusanyo wa mamilioni ya maneno ya matini halisi kuonyesha jinsi uandamani huo ulivyotapakaa katika Kiingereza cha kila siku.

Tulitazame tena neno "mbichi". Pwani tuna samaki mbichi, embe bichi, kuni mbichi na nguo mbichi ambayo bado haijakauka. Kiingereza hukigawa kivumishi hicho kimoja mara nne: "fresh", "unripe", "green" na "wet". Ukianzia upande wa pili, "fresh" nayo hupasuka: samaki ni mbichi, maji ya kisima yasiyo na chumvi ni matamu, na hewa ni safi. Mipaka ya lugha hizi mbili hukatana kila mahali, kwa hiyo hakuna tafsiri moja ya kivumishi itakayomfaa mwanafunzi kila anapoandika.

Huenda ikasemwa kwamba maana ndiyo huongoza, na anayeielewa vyema atakisia jozi sahihi ya kivumishi na nomino. Kwa sehemu ni kweli: anayejua kisu kikali ni kipi hatapata taabu na "sharp knife". Lakini maana haielezi kila kitu. Kahawa isiyo na maziwa wala sukari, inayonywewa vikombe vidogo barazani, Waswahili huiita chungu, au tungu kwa lahaja za Mombasa na Lamu. Wameitaja kwa ladha. Chai isiyo na maziwa huitwa ya rangi. Mwingereza amezipa zote mbili sifa moja, "black". Hakuna mantiki inayoilazimu lugha yoyote kuchagua ladha hapa na rangi pale. Ni mazoea ya wasemaji, na mazoea hayakisiwi.

Zaidi ya hayo, jozi ya Kiingereza huenda isihitaji kivumishi chochote kwetu. Mkulima wa Kaloleni hutofautisha kitale, dafu, koroma na nazi kwa nomino tupu, mahali ambapo Kiingereza hulazimika kuongeza "young" au "green" mbele ya "coconut".

Kulifundisha neno pamoja na mwenzake kuna mfano wa zamani hapa hapa Kilifi: mmisionari Ludwig Krapf, aliyefanya kazi Rabai kuanzia 1846, aliacha kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, ambayo huyaonyesha maneno mengi ndani ya mifano ya matumizi. Daftari la msamiati la mwanafunzi wa Kilifi leo lingefaa kufuata njia hiyo: liandikwe "fresh fish", "fresh water", "fresh air", kila jozi na Kiswahili chake kando. Jozi zote za Kiingereza haziwezi kufundishwa. Zitangulizwe zile ambamo kivumishi kimoja cha Kiswahili hugawanyika, kwa kuwa hapo ndipo ujuzi wa lugha ya nyumbani humpoteza mwanafunzi akiwa na hakika kwamba yuko sawa. Na mwalimu anayesahihisha asiishie kuikata "raw" kwa wino mwekundu. Aulize ni nomino ipi nyingine ingeikubali.