Kulinganisha Bunduki

Msimu wa uwindaji wa kitalii Tanzania hufunguliwa Julai 1. Mgeni aliyefuata nyati akishafika kitaluni, mwindaji bingwa humpeleka kwanza pembeni mwa kambi, penye boksi lililochorwa duara, apige risasi mbili tatu. Si dharau. Bunduki imekuja kwa ndege, imetupwatupwa na mizigo, na darubini iliyofungwa juu yake huenda imesogea.

Waingereza kazi hii wameipa jina la sifuri, kwa kuwa katika umbali uliochaguliwa haitakiwi kuwepo tofauti kati ya pale jicho linapolenga na pale risasi inapotua. Lakini “kuweka sifuri” kwa Kiswahili humpeleka msomaji kwenye mizani ya dukani. “Kurekebisha shabaha” nako kuna kasoro: shabaha ni lile duara kwenye boksi, nalo haliguswi na mtu. Kulinganisha bunduki ndiko kunakofaa, maana vinavyolinganishwa ni viwili hasa, mstari wa jicho na njia ya risasi. Umbali vinapokutana basi uitwe umbali wa mlingano.

Kukutana huko kuna ufundi wake. Darubini hukaa sentimita nne au tano juu ya kasiba, na risasi ikishatoka huanza kuanguka papo hapo. Ndiyo maana kasiba huinuliwa kidogo: risasi hukata mstari wa jicho karibu na mpigaji, hupita juu yake, kisha hushuka na kuukata tena. Hapo pa pili, mara nyingi kwenye mita 100, ndipo penye mlingano.

Mpigaji huegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga na kupiga risasi tatu. Moja haitoshi, kwani haisemi kama kosa ni la darubini au la kidole. Zote tatu zikitua pamoja sentimita sita kushoto, kirekebishi cha darubini huzungushwa ili risasi ihamie kulia. Katika darubini nyingi kila “tiki” moja ni robo ya dakika ya pembe, takriban milimita 7 kwa mita 100. Tiki nane zinatosha. Kwa mita 25 tiki hiyohiyo haifiki hata milimita 2. Kasiba nayo iachwe ipoe kabla ya kupiga tena.

Hata mwenye .375 H&H, bunduki ya nyati tangu 1912, akibadili uzito wa risasi hana budi kulinganisha upya.