Wasomi na Watumishi Mezani pa Neno: Kutoka Wittenberg hadi Katavi

Chuo kikuu kilifika Katavi kwa kuchelewa. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na baadaye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kikafungua huko Mpimbwe kampasi yenye jina la Mizengo Pinda. Hata hivyo isidhaniwe kwamba usomi wa Kikristo ulianza siku hiyo. Kule Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ambako Mapadre Weupe waliingia mwaka 1885, alitumika Adrien Atiman, mtu aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomea udaktari Malta, kisha akawa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Walutheri hawakuwa wa kwanza katika nchi hii, na ni vema kulikiri hilo katika kitabu cha shukrani. Utumishi wao ulionekana zaidi kupitia TCRS, shirika la Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lililoanza mwaka 1964, ambalo lilihudumia wakimbizi wa Burundi katika makazi ya Katumba na Mishamo.

Lakini wapo urithi mmoja ambao Mlutheri huja nao katika ushirika wa wahadhiri: Kanisa lake lilianzia chuo kikuu. Wengi hudhani Martin Luther aliitafsiri Biblia peke yake ngomeni Wartburg. Agano Jipya, lililotoka mwaka 1522, aliliandika huko kweli. Bali Agano la Kale lilikuwa kazi ya meza. Philipp Melanchthon alikuja na Kigiriki chake, Matthäus Aurogallus na Kiebrania, Johannes Bugenhagen, mchungaji wa mji, na Kilatini. Hata baada ya Biblia nzima kuchapwa mwaka 1534 waliendelea kukutana nyumbani kwa Luther kuisahihisha. Katika kitabu cha Ayubu walikwama sana. Luther alikiri kwamba pengine siku nne hazikutosha kumaliza mistari mitatu.

Tena meza hiyo haikuwa ya maprofesa tu. Walipofika kwenye sadaka za kitabu cha Walawi, Luther hakujua majina ya viungo vya ndani vya kondoo. Alimwendea mchinjaji, akachinjiwa kondoo, akatajiwa kila kiungo kwa jina lake. Daktari wa Maandiko alifundishwa na mtu wa kisu.

Hapo ndipo lilipo jaribu la ushirika wa vyuo vya Tanzania. Mhadhiri amesoma kwa Kiingereza. Dereva, mpishi na mlinzi husoma kwa Kiswahili. Kitabu cha Kiingereza kikiwekwa mezani, kikundi hubaki cha wenye shahada, na wengine hualikwa kwa sala ya kufungua na chai. Afadhali kuanza na Biblia ya Kiswahili, ambayo nayo ina mabishano yake: Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri, alikamilisha tafsiri yake mwaka 1937 akiyapunguza maneno ya asili ya Kiarabu, Union Version ya mwaka 1952 iliyabakiza mengi, na ndiyo iliyoenea makanisani. Kwa nini ile ikaachwa? Swali hilo linatosha jioni nzima, na mpishi aliyezaliwa pwani aweza kulijibu vizuri kuliko mkuu wa idara.

Katavi ina mfano wake ulio karibu zaidi. Kampasi ya Mpimbwe inafundisha habari za nyuki, na asali ya misitu ya miombo ya Inyonga inajulikana mbali. Katika Waamuzi 14, Samsoni anakuta kundi la nyuki na asali ndani ya mzoga wa simba. Msomi wa nyuki atatia shaka: nyuki hukimbia uvundo. Mrina asali atauliza kwanza mzoga ulikuwa wa siku ngapi, na kama jua lilikuwa limekwisha kuukausha ukabaki ngozi na mbavu, mithili ya mzinga wa gome. Ndipo wote wawili watakapofungua tena sura ile kutazama Maandiko yanasema nini juu ya muda uliopita kabla Samsoni hajairudia njia ile.