Kitako cha Bunduki ya Lee-Enfield na Ushahidi Wake

Bunduki fupi ya Lee-Enfield, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwaka 1904, ni chuma kilichovikwa mbao karibu mpaka mdomoni. Bunduki za ukoo huo zilibebwa na mamilioni ya askari katika vita vya 1914–1918 na vya 1939–1945, wakiwamo wale wa King's African Rifles ambao katika Afrika ya Mashariki waliitwa Keya. Leo nyingi zimo katika majumba ya makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji, na mbao zake zimechakaa. Tamaa ya kwanza ya mwenye kuipata moja ni kuirudishia upya. Yapasa kuuliza upya huo hugharimu nini.

Mbao za asili zilikuwa za mjozi. Vita vilipozidisha mahitaji, miti mingine ilitumika pia; viwanda vya Lithgow huko Australia na Ishapore huko India vilitumia miti ya nchi zao. Mbao hizo hazikupakwa vanishi, bali zililoweshwa katika mafuta mabichi ya mbegu za kitani, na askari aliendelea kuzisugua kwa mafuta hayo hayo kwa kiganja chake. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Huvuta oksijeni ya hewani, yakagandamana polepole ndani ya mbao. Ndiyo sababu rangi ya kitako cha kale hukolea mwaka hata mwaka, wala haiigwi kwa siku moja.

Juu ya rangi hiyo kuna maandishi. Kitako kilikuwa kipande cha peke yake, kilichokazwa kwa parafujo ndefu, na kilitengenezwa kwa urefu mbalimbali ili kumfaa mwenye kukitumia: herufi L ilionyesha kirefu, S kifupi, na B kifupi zaidi. Hivyo herufi moja yaweza kudokeza umbo la mtu ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Upande wa kulia, kabla ya kuachwa wakati wa vita ya kwanza, kilitiwa kisahani cha shaba cha kuandikia alama za kikosi. Palikuwapo pia chapa za wakaguzi. Nyingine zilipigwa herufi DP, maana yake ni bunduki ya kufanyia gwaride tu, isiyofaa kufyatuliwa. Mwenye kuzifuta herufi hizo amefuta onyo la kuokoa maisha.

Adui mkubwa wa maandishi hayo ni msasa. Asili ya neno hili ni mti wenye majani makavu ya kukwaruza, ambayo mafundi walilainishia mbao. Baadaye jina likahamia kwenye karatasi ya dukani. Kazi yake haikubadilika: hula. Kitako kilichopigwa msasa mno hujulikana mara moja, kwa kuwa mbao huwa chini ya ukingo wa bamba la shaba lililoko nyuma yake, nazo zamani zilikuwa sawasawa.

Walakini haifuati kwamba kitako kiachwe kioze. Mafuta ya kulainishia chuma yakipenya ndani huzidhoofisha mbao na kuzitia weusi. Haya yaweza kuvutwa nje kwa unga wa chaki na joto la kadiri. Palipobonyea, kitambaa chenye maji na pasi ya moto huzivimbisha nyuzi zilizoshindiliwa, wala hakuna kilichokatwa. Mwishowe hupakwa mafuta ya kitani, kidogo kidogo, na vitambaa vilivyotumika hutandazwa nje vikauke, kwani vikirundikwa vyaweza kuwaka vyenyewe.

Kazi hizo zaongeza uhai wa mbao bila kupunguza habari zake. Rangi ya mafuta na vanishi ya kung'aa hufanya kinyume: hulipendeza jicho la mnunuzi, na mwanahistoria hubaki na kipande cha mti tu. Kwa askari wengi wa Keya, ambao habari zao ziliandikwa na wengine, hiyo si hasara ndogo.